Niliwaambia Wabaki, Wanangu Nimeshawatoa

Ndugu yangu unayesoma, kosa ni langu. Sikushikiwa bunduki wala sikudanganywa na mtu. Nimekaa na jambo hili miaka mingi, sasa limenishinda.

Mimi ni muuguzi. Wakati wa vita nilikuwa na farmasi ndogo kule Kinama, mtaa wa pembeni mwa mji, chumba kimoja na benchi nje. Nilichoma sindano, nilifunga vidonda, nilizalisha. Sikumuuliza mtu kabila lake. Watu waliniita Mama Dokta, na walipotafuta shefu wa kartie, yaani kiongozi wa mtaa, wote walinitaja mimi.

Jamani, cheo ni kitamu! Nikiingia mkutanoni watu wanasimama. Bwana mmoja wa chama akaninong'oneza kwamba vita vikiisha, nafasi kwenye komini, ofisi ya utawala wa eneo letu, ni yangu. Nikaanza kuvaa vitenge vya harusi siku za kazi.

Jumamosi moja nilikuwa namsafisha kidonda cha risasi mwanamume mmoja asiyependa maswali. Nilipomaliza kumfunga bandeji akasema polepole: "Mama, toa watoto hapa. Wiki hii si ya kukaa huku. Na mi sijakuambia kitu."

Nikakimbilia kwa yule bwana wa chama. Akakasirika.

"Watu wakikimbia, huko juu watasema kartie imekushinda. Tuliza watu, mama. Cheo unakitaka ao hukitaki?"

Nilikitaka. Mungu anisamehe, nilikitaka!

Mchana uleule niliwapeleka wanangu wawili Rohero, katikati ya mji, kwa dada yangu. Majirani niliwaambia wamekwenda kusomea mitihani. Kisha nikarudi, maana shefu lazima aonekane.

Kesho yake watu walipotoka misa, nikasimama mbele ya kanisa. "Bakini majumbani. Hakuna kitu. Mi mwenyewe niko hapa."

Jirani yangu Espérance, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, alikuwa na furushi la nguo kichwani tayari. Akanivuta pembeni.

"Mama Dokta, niambie kweli. Nikimbie ao nibaki?"

"Baki. Mi naweza kukuficha kitu we?"

Akalishusha lile furushi. Akacheka hata, kwa kutulia roho.

Jumanne alfajiri mabomu yakaanza. Moja liliangukia nyumba yake. Mumewe alikufa palepale. Yeye walimleta kwangu mkono umechanika. Nikamlaza kwenye benchi, nikaanza kumshona. Alikuwa analia bila sauti. Halafu akauliza:

"Watoto wako wako wapi? Mbona siwasikii?"

Niliendelea kushona, macho kwenye uzi.

"Wako mujini," akajijibu mwenyewe. "Uliwapeleka Jumamosi. Mitihani!"

Akauvuta mkono wake, uzi na sindano bado viko kwenye nyama, akainuka. "Apana! Usinishike. Nitashonwa na mutu mwingine."

Akaondoka kwa miguu, damu inadondoka, risasi bado zinalia upande wa juu. Nilimfuata mpaka barabarani nikimwita jina. Hakugeuka.

Habari ilienea. Farmasi ikabaki tupu. Akina mama wajawazito walipita mbele ya mlango wangu kwenda kuzalia mbali. Wanangu wenyewe walipoambiwa na wenzao, mkubwa aliniuliza mara moja tu kama ni kweli. Tangu siku ile hajanitazama kama zamani.

Vita vilipokwisha, ile nafasi ya komini nilipewa. Ndiyo, nilipewa! Nilikalia kiti kile kama mgonjwa anayengoja kuitwa.

Mwishowe nilikwenda kwa Espérance kupiga magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila ukali.

"Kama ungesema haujui, ningekimbia," akaniambia. "Nilibaki kwa sababu ni we."

Nikainuka, nikaenda zangu.

Wewe uliyepewa uongozi kwa sababu watu walikwisha kukukabidhi maisha yao, nakuomba. Siku ukitaka kuwaambia watu wakae, jiulize kwanza watoto wako wamelala wapi. Kama umewatoa, fungua mdomo, useme, hata kama kiti kitaondoka. Mimi nilinyamaza, na Déo, mume wa Espérance, yuko ardhini.