Pompi Mbili na Barabara ya Mutarule

Mama mkwe wangu alivunjika nyonga kule Mutarule, juma lile lile waasi walipoanza kuweka vizuizi katika bonde la Ruzizi. Habari tuliletewa Uvira na mwanamke muuza mchele aliyekuwa ametembea siku mbili. Alisema bibi amelala peke yake, majirani wengi wamekimbilia mlimani, na yule mmoja anayempelekea maji naye ameshafunga mizigo.

Mume wangu alikuwa fundi wa magari, lakini hakuwepo. Alikuwa amekwenda Bukavu kutafuta vipuri, na barabara ikafungwa nyuma yake. Nyumbani Kasenga, mtaa wetu wa Uvira, tulibaki mimi, watoto wangu wawili na shemeji, mdogo wa mume wangu, ambaye alijua kuendesha gari ila hakujua lolote la ndani yake. Gari tulikuwa nalo. Lilikuwa jeusi, la zamani hata kwa wakati ule. Mbelgiji mmoja wa kampuni ya pamba alimwachia mume wangu alipoondoka wakati wa uhuru. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: pompi ya maji, ile pampu inayozungusha maji ya kupoza injini, ilivuja. Kabla hujamaliza mashamba ya miwa ya Kiliba, sindano ya joto ilikuwa imegusa nyekundu na mvuke umejaa mbele ya kioo.

"Tuende hivi hivi," shemeji alisema. "Tutabeba maji mu mabidoni, tutakuwa tunaongeza."

"Na pale tutakuwa tumesimama tunaongeza, weye unafikiri nani atakuwa anatuangalia?"

Tulikuwa tumekwisha kusikia habari za watu waliokutwa wamesimama kando ya barabara ile.

Asubuhi hiyo hiyo tulikwenda kwa mzee mmoja Mwislamu, mfanyabiashara wa karibu na ziwa, ambaye babu zake walikuja Uvira na misafara ya zamani ya biashara. Mlango wa duka lake ulikuwa wazi nusu. Alitusikiliza, akaingia ndani, akarudi na pompi mbili, akaziweka mezani bega kwa bega. Moja ilikuwa mpya, inang'aa, bado ina karatasi yake. Nyingine ilikuwa nyekundu kwa kutu. Alikuwa ameifungua mwenyewe, miaka mingi nyuma, kwenye gari la aina yetu lililokufa nyuma ya nyumba yake.

"Mama, chagua," alisema. "Miye siko fundi. Siwezi kukudanganya."

Shemeji tayari alikuwa ameshika ile mpya.

Mume wangu hakuwahi kukaa akanifundisha. Ila alikuwa mtu wa kuzungumza na vyuma akiwa kazini, na mimi ndiye niliyekuwa namwoshea vipuri kwa petroli. Maneno yake yalikuwa yameniingia bila mimi kujua. Nikachukua ile mpya mkononi. Ilikuwa nyepesi mno. Nilichungulia ndani: mapanga yake, yale yanayosukuma maji, yalikuwa ya bati iliyokunjwa, mafupi, yameacha nafasi kubwa pembeni. Nikashika mhimili wake, kile chuma cha katikati kinachozunguka, nikautikisa juu na chini. Ulicheza kidogo, kiasi cha unene wa ukucha.

Ile ya kutu ilikuwa nzito. Mapanga yake yalikuwa ya chuma cha kumimina, yamejaa vizuri. Nilitikisa mhimili, haukucheza. Niliuzungusha karibu na sikio, nikisubiri ule mlio wa mchanga unaosema beringi zimekwisha. Sikusikia mchanga. Chini yake kuna tundu dogo ambalo maji hutokea pompi ikianza kuoza. Nililipangusa kwa kidole. Halikuwa na alama ya maji.

"Tunachukua hii," nilisema.

"Shemeji! Unaacha mupya, unachukua takataka? Mama yangu atakufa juu ya kiburi chako!"

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu hata mimi sikuwa na hakika. Pompi iliyokaa kavu miaka inaweza kupasuka mpira wake wa ndani mara ya kwanza ikionja maji. Tulipofika nyumbani niliitumbukiza ndani ya beseni la maji ili mpira ulainike, nikawa nauzungusha mhimili wake kwa mkono. Nilipoitoa na kuijaza maji, yalidondoka kwenye lile tundu. Tone, tone, tone. Shemeji aliona, akatoka nje. Nikairudisha kwenye beseni. Kufika alasiri nilijaribu tena. Yalidondoka matone mawili, yakakoma. Tukaifunga kwenye gari.

Tuliwaacha watoto kwa jirani, tukaondoka alfajiri. Kwenda, hatukukuta mtu. Mama mkwe tulimkuta sakafuni, midomo imepasuka kwa kiu. Tulimlaza kiti cha nyuma juu ya godoro lake. Hakulia, isipokuwa pale gari lilipoingia kwenye mashimo.

Kizuizi tulikikuta wakati wa kurudi, karibu na Sange: gogo barabarani na wanaume kama kumi, wengine na mikuki, wawili na bunduki.

"Musizimishe moteri, tuone kama iko nzima," mmoja wa bunduki aliamuru. "Tunangojea mukubwa. Yeye ndiye atasema kama gari iko yenu ao iko yetu."

Tukangoja. Jua la bonde lilikuwa utosini, moteri inaunguruma papo hapo, upepo hakuna. Nilikuwa naangalia sindano. Ilipanda, ikapita nusu, ikaikaribia nyekundu. Nilijua gari likichemka watatushusha walisukume kando, na mama yule hawezi hata kukaa. Sindano ilifika ukingoni mwa nyekundu, ikasimama pale. Haikusonga tena.

Yule wa bunduki alifungua boneti, akatazama muda mrefu.

"Moteri kukuu namna hii haichemki? Nani aliitengeneza? Sisi tuko na kamyo kubwa ya mizigo imekufa. Tunatafuta fundi."

Shemeji alifungua mdomo, na jicho lake lilikuwa linakuja upande wangu. Nilimkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote.

"Fundi... fundi alibaki Uvira," akasema.

Mkubwa wao alikuja, akachungulia nyuma, akamwona mama mkwe na mguu wake uliovimba. Akageuza uso. "Waende. Uvira si mbali. Gari tutaikuta huko."

Na waliikuta. Siku chache baadaye mji ulikuwa mikononi mwao, nao walikuja Kasenga kuulizia gari jeusi na fundi wake. Nilisema kweli, kwamba fundi wa nyumba hii ni mume wangu na yuko Bukavu. Walitafuta hadi chini ya kitanda, kisha wakaondoka na gari. Shemeji aliwapa ufunguo mwenyewe. Jioni hiyo aliniambia, akiangalia chini, "Nilikutukana bure, shemeji." Nikamjibu kwamba hata mimi niliogopa, tena kuliko yeye.

Mume wangu alirudi baada ya miezi mingi, akipitia Burundi. Mama yake alikuwa akitembea kwa fimbo, uani kwetu, akitugombeza sote kwamba wali wa Uvira hauna ladha kama wa Mutarule.