Springi ya Abdi

Cheka tu, msomaji, mimi bado sijaweza. Naishi Sparkhill, mtaa wa Birmingham, Uingereza, na Jumapili huenda na wenzangu wa kazini kwenye mchezo wa kulengana kwa bunduki za gololi za plastiki. Za dukani ni ghali, kwa hiyo nikajiundia yangu kwa vipuri vya mtumba, kisha nikajitapa kazini kwamba mimi ni fundi.

Fundi gani! Ilifyatua gololi moja ikakwama, badala ya kujipakia yenyewe. Abdi, Msomali aliyekulia Nairobi na rafiki yangu wa pekee pale kazini, akaniuzia springi mpya kwa bei ya chee. Nikaifungua bunduki mezani jikoni, springi mbili zikalala pamoja, nikafunga haraka haraka. Ikakwama vilevile.

Sikujiuliza. Wakati wa chakula, mbele ya wote, nikamwita Abdi tapeli. Aliinuka na sahani yake.

Jumapili bunduki ikagoma tena. "Oneni springi ya tapeli!" nikapaza sauti. Abdi akaja, akaichukua, akaifungua mbele ya timu nzima. Akachomoa springi na kuiinua juu. Ilikuwa na kutu.

"Hii ni ile yako ya zamani, bro," alisema polepole. "Yangu hukuiweka kabisa."

Wote wakaangua kicheko. Abdi hakucheka. Alinikabidhi bunduki, akasema, "Sasa nirudishie jina langu."