Mtungi wa Pepo

Niliolewa Shinyanga mjini miaka ya thelathini, nikitokea Kishapu, na kosa langu la kwanza ukweni lilikuwa kutougua.

Homa iliingia nyumbani ndoa ikiwa bado changa. Ilimwanza mume wangu: kichwa kinapasuka, macho hayataki mwanga, viungo vinauma hata kugeuka kitandani ni kazi. Wakafuata mawifi zangu. Mama mkwe, ambaye wazazi wake walitoka pwani na misafara ya biashara, aliitambua mara moja.

"Hii ni kidinga pepo," alisema. "Tena pepo mwenyewe ni wa kuja."

Wa kuja katika nyumba ile nilikuwa mimi peke yangu.

Siku hizi naambiwa maradhi yale huletwa na mbu, wale wa mchana wenye madoa meupe miguuni. Wakati ule jina lilitosha. Kama ni pepo, basi ana kiu. Mama mkwe akaweka mtungi wa maji nyuma ya kitanda cha mgonjwa, bila kifuniko, na ikawa marufuku kuumwaga. Kila aliyeugua alipata mtungi wake. Nyumba ikajaa mitungi kama ya mfinyanzi.

Kwetu Kishapu maji hayakai mpaka yakazaa. Yakipatikana wanayanywa watu na ng'ombe, yamekwisha. Kwa hiyo nilipochungulia mtungini nikaona vidudu vinajinyonganyonga, Kisukuma kilinitoka.

"Mayu! Mama yangu, maji yana wadudu!"

"Ndiye huyo anacheza," alijibu mama mkwe, uso umemchanua. "Kapokea."

Alipokea kweli. Haukupita muda wakaanguka wengine. Mimi nikabaki mzima, maana mkwe mgeni hana nafasi ya kukaa ukumbini. Mchana kutwa nilikuwa jikoni napuliza kuni mbichi, na moshi ule hata mbu aliukimbia. Uzima wangu ukawa ndio ushahidi. Wakubwa wa ukoo wakakata shauri: mume asipoinuka ifikapo Ijumaa, nirudishwe kwetu na pepo wangu. Nilimpenda mume wangu. Nililia sana, na bahati nzuri jikoni hakuna anayeshangaa macho mekundu.

Alhamisi akaja bwana afya kukagua maji. Alipoona mitungi akafoka imwagwe yote. Hakuna aliyesogea. Mama mkwe mwenyewe alikuwa amelala mgonjwa, na mtungi wake nyuma ya kitanda.

"Wewe uliye mzima," bwana afya akaninyooshea kidole, "mwaga!"

Nikamwaga. Watu walijifunika kanga nyuso wakingoja nianguke. Sikuanguka. Ijumaa mume wangu akaomba uji, na baada ya hapo hakuugua mwingine.

Mama mkwe alipopata nguvu aliwaita majirani. Nikajiweka tayari kusikia, mbele ya watu, kwamba sikuwa na kosa.

"Mkwe wangu mwacheni kabisa," akasema. "Pepo wake ni mkubwa kuliko wa kidinga. Kamla yule!"

Basi nikaheshimiwa. Hata miaka mingi baadaye, siku anakata roho, alinishika mkono akaninong'oneza:

"Mwambie huyo wako anilindie mwanangu."

Nilikuwa bado nalingoja lile neno, kwamba sikuwa na kosa. Nikamjibu, "Nimemwambia, mama."