Muswada wa Mkaguzi

Mama yangu ni mwoga, nasema kwa mapenzi. Mlango ukigongwa anashtuka. Mkuu wa shule akimpigia simu, anasimama ndipo apokee. Mwenyewe hujitetea kuwa kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Lakini mpe chaki na somo la uraia, hutamtambua. Kila mwaka aligeuza darasa kuwa bunge, akavaa koti la marehemu baba, akawa Spika. Muswada ulisomwa, ukaenda kamati, ukarudi kujadiliwa na kupigiwa kura.

Mwaka niliokuwa darasani kwake, mkaguzi wa shule alituletea muswada wake: mwanafunzi atakayeisema vibaya shule afukuzwe. Asubuhi hiyo, nikiwa mlangoni pa ofisi na madaftari, nilimsikia mkuu akimwambia mama.

"Mwalimu, muswada huo upite. Ukipita, tunaanza kuutumia. Mkataba wako unaisha muhula huu, na nyumba unayokaa ni ya shule."

"Sawa, mkuu," mama akajibu.

Mkaguzi aliketi nyuma, kalamu mkononi. Tulijadili kwa woga, kila mtu akimtupia jicho. Hatimaye mama akauliza, "Wanaoafiki waseme ndiyo."

Sauti tatu, nne.

"Wasioafiki waseme siyo."

Madirisha yalitetemeka. Mama akatangaza, "Nadhani waliosema ndiyo wameshinda."

Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kuwa wabunge kumi wakisimama kupinga uamuzi huo, lazima kura zihesabiwe. Mchekeshaji wetu, ambaye hajawahi kusimama ila kwa adhabu, akasimama. Wakamfuata wengine mpaka wakafika tisa, kisha hakuna. Wote wakanigeukia.

Niliogopa. Nikamtazama mama, nikimwomba kwa macho anikonyeze nibaki nimekaa. Maskini, alikuwa anatetemeka ndani ya koti lile. Angeweza kusema hawajatimia, mambo yakaisha. Hakusema. Alisubiri.

Nikasimama.

"Wametimia," akasema. "Tuhesabu."

Akahesabu mkono mmoja mmoja, na muswada ukaanguka. Hakuna aliyepiga makofi. Mkaguzi akafunga faili lake, akatoka bila kuaga, na tukasikia viatu vyake vikielekea ofisi ya mkuu.

Mama akafuta ubao, pembe zote, akavua koti. Kengele ilipolia aliniita mezani kwake.

"Ukifika nyumbani, mwanangu, anza na vyombo vya glasi," akaninong'oneza. "Vifunge na magazeti, visivunjike njiani."