Utelezi Uliosuguliwa na Mama Mkwe

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa baiolojia, na sebuleni kwangu, mtaa wa Amalemba, nilikuwa na samaki sita wa dhahabu ndani ya tangi la kioo. Kundi la kwanza lilikufa. La pili likafa. Kila Jumamosi nilikuwa naosha tangi mpaka ling'are, kumbe ndivyo nilivyokuwa nikiwaua. Ule utelezi wa kahawia kwenye kokoto na sponji ya kuchujia maji ni bakteria, na kazi yao ni kula amonia inayotoka kwenye mavi ya samaki. Ukiwaondoa, samaki wanaogelea chooni mwao. Kundi la tatu nikaliachia uchafu wake, likanenepa. Niliwapenda wale samaki, sioni haya kusema.

Mke wangu akajifungua, na mama yake akaja kutoka Navakholo kumsaidia. Mila haikumruhusu kulala kwangu, basi alilala kwa dada yake huko Shieywe, akawa anafika nikiwa nimeshaenda kazini. Huyu mama amesugua mitungi kwa mchanga tangu utotoni; kwao mtungi unaoteleza ni aibu ya mwenye nyumba. Siku ya tatu nilirudi nikakuta maji maangavu, kokoto zimesuguliwa, na sponji imefuliwa kwa sabuni ya unga ikaanikwa kambani pamoja na nepi.

Nilitaka kupasuka. Lakini mama mkwe hagombezwi, wala hasemeshwi uso kwa uso. Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama asiguse tangi tena. Ataua samaki."

Kesho yake nikamuuliza kama ujumbe umefika.

"Nilimwambia umeshukuru," akajibu huku akinyonyesha. "Mama anatembea kutoka Shieywe kunifulia nepi, halafu nimgombeze juu ya uchafu?"

Wiki hiyo wanne walikufa, midomo juu wakitafuta hewa. Nilibadilisha maji kidogo kidogo, asubuhi na jioni, nikiuombea utelezi urudi. Jumamosi nikiwa bafuni nikasikia mchanga ukikwaruza kioo.

Nilitoka mbio. Mama mkwe ameinama juu ya tangi, mikono imezama mpaka viwiko, samaki wawili waliobaki wamo kwenye sufuria. Hakugeuka. Alikuwa akimwambia binti yake, "Mwambie baba ya mtoto, vile alishukuru, leo naosha hata zaidi. Hii kitu inatelezanga haraka sana."

"Mama, wacha! Unaniulia samaki!"

Nilimpigia kelele mama mkwe, ana kwa ana, nikiwa nimejifunga taulo. Akajifunika uso kwa leso, akatoka, hakurudi.

Samaki mmoja alipona. Nepi nilifua mwenyewe, na mke wangu hakunisemesha mpaka nilipopeleka kondoo Navakholo kuomba radhi. Mama mkwe alimpokea kondoo huyo akiwa ndani, mlango umerudishwa, akanitumia neno kupitia shemeji yangu.

"Mwambie nimesamehe. Lakini huku kwetu samaki haigombanishangi watu. Inaliwanga tu."