Mara Tatu Ukutani

Wateja walimwita Dakika, kwa sababu kila aliyemletea saa iliyokufa aliambiwa, "Nipe dakika mbili," kisha akaambiwa arudi wiki ijayo. Alikuwa fundi saa mwenye maneno mengi na mikono mitulivu. Sasa mikono hiyo ilikuwa inamsaliti.

Kila siku ikitimia saa tisa alasiri, vidole viliwaka moto na kuvimba mpaka kibano kikamponyoka. Baada ya saa moja vilinywea, lakini yeye alibaki ameinamia meza, hana hamu ya kula wala ya kuishi. Aliogopa. Bila vidole, karakana yake ilikuwa chumba cha vyuma chakavu tu. Akazisimamisha saa zote ukutani, akashusha mapazia. Wapi! Vidole vilijua saa.

Mkewe alimkanda vidole kwa maji baridi, mikono yake mwenyewe ikiwa imefunikwa na mtandio. Pete yake ya ndoa, alisema, ilipotelea kwenye povu la kufulia.

Daktari alipima damu, akakunja uso. "Mwili wako unapigana vita, mzee, ila adui simwoni. Dhiki ikikaa sana moyoni, mwili unaweza kuvimba kama umejeruhiwa, na akili nayo ikachoka. Saa tisa kuna nini?"

"Hakuna kitu," alijibu, haraka mno.

Mwaka uliopita, saa tisa, kaka yake aliyeishi chumba cha nyuma aligonga ukuta mara tatu. Dakika alikuwa ameshika skrubu ndogo kama chembe ya mchanga. Akajisemea, dakika mbili tu. Alipokwenda, kaka alikuwa ameshakata roho. Watu wote aliwaambia hakusikia kitu, na chumba kikafungwa.

Siku moja baada ya kutoka kwa daktari, mkewe alileta chai. Vidole vilikuwa vimeanza kuwaka.

"Mama watoto, kaka aligonga. Nilimsikia."

Mkewe akaweka sinia chini.

"Nilikuwa jikoni," alisema. "Shemeji nilimsikia na mimi. Nikasema utakwenda wewe."

Akaitoa mikono ndani ya mtandio. Vidole vilikuwa vyekundu, vimevimba, na hakuna pete ambayo ingepita hapo.

Dakika akatafuta ufunguo kwenye droo. Wakainuka wote wawili, wakaenda kufungua chumba cha nyuma, mwaka mzima baada ya kuitwa.