Kumpakia Mama Mkwe Kwenye Kona

Nimeendesha bodaboda Malindi miaka kumi na mmoja, na jambo ninalojigamba nalo mpaka wenzangu wa stejini wamenichoka ni kona. Abiria wengi hudhani pikipiki hukatishwa kona kwa usukani. Ukiwa kwenye mwendo, sivyo. Pikipiki hulazwa. Kona inakuvuta nje, uzito wako unakuvuta chini, na dereva huinama upande wa ndani kiasi cha kuzipatanisha nguvu hizo mbili pale tairi linapogusa ardhi. Abiria hana kazi ila kuwa gunia, ainame dereva anapoinama. Akijifanya mjanja akajivuta upande wa pili, dereva hulazimika kuilaza pikipiki zaidi ili kufidia, na tairi hubaki likikanyaga kwa ukingo wake. Hapo kokoto chache tu zinatosha kukuangusha.

Mama mkwe wangu alikuwa abiria wa namna hiyo, na mimi sikuwa na uso wa kumfundisha.

Yeye ni wa Vitengeni, na kwao mume wa binti na mama wa binti hawagusani. Husalimiana kwa mbali, macho chini. Wakikutana njiani, mmoja hupisha. Katika miaka sita ya ndoa sikuwahi kumpa mkono, na sikuwahi kula mbele yake. Nilikuwa nimeizoea heshima hiyo, na kusema kweli ilinifaa, maana aliyekaa mbali nawe hana nafasi ya kukukosoa.

Lakini mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akawa anaona mwanga na vivuli tu. Madaktari wa macho walikuja Malindi kwa siku moja, na majina yalikuwa yakiandikwa mpaka saa sita mchana. Atakayechelewa angoje watakaporudi, na hakuna aliyejua watarudi lini. Matatu ya asubuhi ya huko kwao haikutokea. Mke wangu, aliyekuwa nyumbani na kitoto cha wiki mbili, alinishika mkono mlangoni.

"Baba watoto, nenda ukamlete mama. Asipotibiwa leo, hatamwona mtoto huyu."

Nilifika Vitengeni saa nne na robo. Mama alikuwa amekwisha kusimama nje, leso mbili zimefungwa barabara. Jirani akampandisha. Alikaa upande, miguu yote kushoto, akashika keria, kile chuma cha mizigo cha nyuma, kwa mikono miwili, akaacha kati yetu nafasi ya kutosha kuweka ndoo.

Kona ya kwanza ilikuwa ya kushoto. Nilipoilaza pikipiki, yeye aliyekuwa haoni njia alihisi anamwagwa kifudifudi, akajivuta nyuma kwa nguvu zake zote. Pikipiki ikasimama wima, ikanipeleka moja kwa moja kwenye mtaro. Nilishika breki tukiwa tumebakisha kama hatua moja.

"Mama, tulia tu," nilisema, nikitazama mbele.

"Nimetulia, baba. Ni hiki chombo chako kinachotaka kulala."

Ya kulia ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa alihisi anaangushwa chali, akajirusha mbele. Kila nilipoinama huku, yeye alienda kule. Nilipunguza mwendo, saa nayo haikupunguza wake. Saa tano ikanikuta bado tuko kwenye vumbi kandokando ya msitu, na hasira imenijaa kifuani. Nilitaka kumwambia anishike kiuno na kufuata mwili wangu. Sasa jaribu wewe kumwambia mama mkwe maneno hayo. Nikaongeza mwendo tu.

Kona iliyofuata ilipinda kulia, kali, kokoto zimetapakaa. Nilikuwa nimekwisha kuilaza pikipiki lori lilipotokea mbele yetu, limechukua njia yote. Nikailaza zaidi. Mama akajivuta kushoto. Tairi la nyuma likaachia ardhi, mkia ukateleza kuelekea nje, kuelekea lori lenyewe, na honi ikanijaa masikioni. Niliogopa. Nilimwona mke wangu akipokea habari ya watu wawili kwa simu moja.

Hapo mama aliachia keria. Mikono yake miwili ikanikumba tumbo, paji la uso wake likanigonga mgongoni, na mwili wake wote ukaenda na wangu. Tairi likashika. Lori likapita karibu kiasi cha kunipiga na joto la injini yake.

Nilisimamisha pikipiki kando ya njia. Mikono yake ilikuwa bado imenizunguka. Nikangoja aitoe. Hakuitoa.

"Mungu atusamehe," alisema kwa sauti ndogo. "Twende, baba. Siachii tena."

Kona zote zilizobaki aliinama nilipoinama. Tulifika hospitali muuguzi akifunga daftari. Alilitazama vumbi usoni mwa mama, akafungua daftari tena, akamwandika wa mwisho. Mchana ule akapasuliwa jicho la kulia, akalazwa hapo.

Jioni ile niliisimulia safari stejini, nikacheka na kuchekesha: jinsi mama mkwe alivyokaribia kutuua kwa kutojua kuinama. Nilimsimulia na mke wangu. Yeye hakucheka sana.

Asubuhi tulienda hospitali, mimi, mke wangu na mtoto. Bandeji ya jicho la kulia ilitolewa, na mama akamchukua mjukuu wake, akamtazama mpaka mke wangu akaanza kulia. Nami machozi yalinilengalenga, nikatoka nje nikasingizia kwenda kuandaa pikipiki. Mke wangu na mtoto wangerudi kwa tuktuk, mama ningempeleka mimi.

Alitoka akiwa amevaa miwani nyeusi. Hakunitazama, na nilijua hatanitazama. Aliizunguka pikipiki polepole, akaegemea kiti, akaliinamia tairi la nyuma. Akapitisha kidole kwenye tairi.

"Baba," aliuliza, "hili la mbele lina mistari. Hili la nyuma, mistari yake iko wapi?"

Haikuwepo. Tairi lilikuwa kipara, na nilijua. Nilijua kwa zaidi ya mwezi, kila asubuhi nikijiambia bado lina wiki moja. Nilijua nilipokuwa nikimpakia mtu asiyeona, na nilijua nilipokuwa stejini nikieleza habari za nguvu na uzito, nikiwachekesha watu kwa mama wa mke wangu. Katika maelezo yangu yote sikulitaja tairi hata mara moja.

Mama alijifunika leso kichwani, akageukia ukuta, kama inavyompasa anaposema na mkwe.

"Kumbe asiyeona hupandishwa chochote," alisema.

Niliisukuma pikipiki kwa miguu mpaka kwa fundi ng'ambo ya barabara, naye mama akanifuata nyuma, mbali kidogo. Aliketi kwenye benchi, akavua miwani, akamtazama fundi akifunga tairi jipya mpaka nati ya mwisho.